Hatua Sabini Kila Upande: Historia ya Pembetatu

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Kabla ya somo, kiongozi wa kikundi aweke tayari vitu hivi: mabua saba ya mtama yaliyokatwa sawasawa, kila moja urefu wa mkono, mabua mengine matatu, moja la shubiri 3, la pili la shubiri 4, na la tatu la shubiri 8, uzi wa kufungia, karatasi moja kwa kila watu wawili, kisu, na kamba ya katani ya hatua 12 au zaidi.

 

Somo letu la leo ni la historia, lakini tutalianza shambani. Wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, yaani mkoa mzima wa Simiyu, wamezoea kupima ekari kwa miguu. Mtu hutembea hatua 70 upande wa kwanza, akageuka, akatembea hatua 70 upande wa pili, na vivyo hivyo mpaka arudi pale alipoanzia. Hatua moja kubwa ya mtu mzima ni karibu yadi moja. Sabini mara sabini ni 4,900, na ekari kamili ni yadi za mraba 4,840. Basi desturi hii si mbaya. Inazidi ekari kwa kiasi kidogo sana.

Sasa sikilizeni swali. Mkulima mmoja alikodi maksai na plau alimiwe ekari moja. Kazi ilipokwisha, yeye na mwenye maksai walilizunguka shamba pamoja, wakihesabu kwa sauti. Upande wa kwanza hatua 70. Wa pili 70. Wa tatu 70. Wa nne 70. Mkulima akatoa fedha ya ekari moja nzima, wakaagana kwa amani. Je, alilipa sawasawa?

Kila mmoja wenu na aweke jibu lake moyoni. Hatutalisema sasa. Kwanza twende polepole tuone watu wa zamani walijifunza nini juu ya umbo moja dogo, umbo la pembetatu, kwa maana jibu letu limefichwa humo.

MABUA MATATU NA MABUA MANNE

Kila mama aliyepata kupika kwa kuni anajua mafiga. Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayatoshi. Lakini matatu yakiwekwa, chungu hutulia, hata kama chini si sawa. Ukiongeza la nne, mara nyingi chungu huanza kucheza, kwa sababu figa moja litakuwa fupi kidogo kuliko menzake. Tatu ndiyo hesabu ya kwanza inayotulia.

Chukueni sasa mabua saba yaliyo sawa. Fungeni matatu kwa uzi, ncha kwa ncha, mpate umbo lenye pembe tatu. Hiyo ndiyo pembetatu. Kisha fungeni manne yaliyobaki, ncha kwa ncha, mpate umbo lenye pembe nne. Shikeni kila umbo kwa mikono miwili, mlisukume upande taratibu.

(Hapa kiongozi anyamazishe redio kwa dakika tano, kila mtu ashike maumbo yote mawili.)

Mmeona nini? Lile la mabua manne limelala upande. Lilikuwa mraba, sasa limekuwa kama mkeka uliovutwa pembeni. Mkilisukuma zaidi litalala kabisa, mpaka mabua yote yalaliane na katikati pasibaki nafasi. Lakini lile la mabua matatu limekataa. Haliendi kulia wala kushoto. Ili kulibadili umbo lake, lazima mvunje bua au mkate uzi.

Tuseme jambo hili kwa maneno, nanyi mliandike katika madaftari yenu: urefu wa pande tatu ukijulikana, umbo la pembetatu limekwisha kujulikana. Urefu wa pande nne ukijulikana, umbo bado halijajulikana.

Mafundi wa dunia nzima wanaitumia sifa hii. Tazameni kenchi ya nyumba ya bati: mbao zake zimepangwa kwa pembetatu ili upepo usiilaze. Tazameni geti la zizi: fundi mzuri hupigilia ubao mmoja wa mshazari kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, akaligawa geti mara mbili, likawa pembetatu mbili. Asipofanya hivyo, geti litainama baada ya masika moja. Tazameni na baiskeli, ambayo katika nchi ya Wasukuma imebeba maji, magunia na wagonjwa kwa miaka mingi. Baiskeli ya kwanza iliyofanana na hizi za leo, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Miaka michache baadaye fremu ikapata umbo tunalolijua, ambalo kwa kweli ni pembetatu mbili zilizounganishwa penye nguzo ya kiti. Mabomba yale ni membamba, lakini yanabeba gunia la mahindi.

PUNDA NA NJIA YA MKATO

Sasa chukueni yale mabua matatu yasiyolingana: la shubiri 3, la shubiri 4 na la shubiri 8. Jaribuni kuyafunga yawe pembetatu.

(Hapa kiongozi anyamazishe redio kwa dakika tatu.)

Hayakufungika. Mabua mawili mafupi, hata yakinyooshwa yote, yanafika shubiri 7 tu, nalo lile refu ni shubiri 8. Hayawezi kukutana. Basi twaandika sifa ya pili: pande mbili zozote za pembetatu, zikiunganishwa, ni ndefu kuliko upande wa tatu.

Sifa hii iliandikwa na Euclid, mwalimu aliyeishi Alexandria katika nchi ya Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Aliandika kwa Kigiriki vitabu 13 vya elimu ya maumbo na hesabu. Jambo lililofanya vitabu hivyo vidumu ni kwamba Euclid hakutaka kuaminiwa bure. Kila alilosema alilionyesha kwa hoja, hatua kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi.

Walikuwako Wagiriki waliomcheka. Mwalimu mmoja aitwaye Proclus, aliyeishi katika karne ya 5 baada ya Kristo, ameandika habari zao. Walisema, kuna haja gani ya kuthibitisha jambo ambalo hata punda analijua? Mweke punda kona moja, uweke majani kona nyingine. Hatapita kona ya tatu. Atakwenda moja kwa moja kwenye majani.

Wafugaji wa Meatu watakubali kwamba punda anajua sana njia ya mkato. Lakini Proclus alijibu vizuri. Alisema kuona kwamba jambo ni kweli ni kitu kimoja, na kujua kwa nini ni kweli ni kitu kingine. Punda anafika kwenye majani, lakini hawezi kumfundisha mwenzake sababu. Mtu anayejua sababu anaweza kuitumia mahali pengine, hata mahali ambapo macho yanamdanganya. Nasi tutafika mahali hapo sasa hivi.

PEMBE TATU ZIKIWEKWA PAMOJA

Kila watu wawili wachukue karatasi moja, wakate pembetatu yoyote waipendayo: nyembamba, nene, ndefu, fupi. Tieni alama ya kalamu kwenye kila pembe. Kisha raruueni zile pembe tatu kwa mkono, mziweke mezani zikigusana ncha kwa ncha, pembe karibu na pembe.

(Hapa kiongozi anyamazishe redio kwa dakika tano. Watu walinganishe kazi zao.)

Kila kikundi kimekata umbo lake, lakini naamini wote mmepata jambo moja. Zile pembe tatu zimekaa pamoja zikafanya mstari ulionyooka, kama ukingo wa rula. Mstari ulionyooka ni sawa na pembe mraba mbili, na pembe mraba moja ni nyuzi 90. Basi pembe tatu za pembetatu yoyote jumla yake ni nyuzi 180. Hii ni sifa ya tatu, nayo pia imo katika kitabu cha kwanza cha Euclid, pamoja na hoja yake. Kurarua karatasi kunatuonyesha kwa karatasi hizi chache. Hoja ya Euclid inatuhakikishia kwa pembetatu zote ambazo hazijakatwa bado.

Faida yake ni nini? Ni njia ya kujikagua. Mpima ardhi akipima pembe zote tatu, akajumlisha, akapata nyuzi 183, anajua papo hapo kwamba amekosea mahali. Hahitaji kuambiwa na mtu mwingine.

WAPIMAJI WA MTO NILE

Sasa turudi kwenye mashamba. Katika nchi ya Misri ya kale, mto Nile ulifurika kila mwaka ukafunika mashamba. Maji yalipopungua yaliacha udongo mzuri, lakini mara nyingine yalifuta mipaka au kumega kipande cha shamba. Mwandishi wa Kigiriki Herodotus, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba mtu ambaye shamba lake limemegwa na mto alikwenda kwa mfalme, naye mfalme alituma wapimaji waangalie ni kiasi gani kimepotea, ili kodi ipunguzwe. Herodotus aliona kwamba elimu ya kupima ardhi ilianzia hapo. Basi tangu zamani sana, kupima shamba kulikuwa ni jambo la fedha na haki.

Karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani mmoja wa Misri aitwaye Ahmes alinakili kitabu cha hesabu kutoka katika maandishi ya zamani zaidi. Kitabu hicho bado kipo, katika jumba la makumbusho la London. Ndani yake mna hesabu ya kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu: urefu wake ni kamba 10, na kitako chake ni kamba 4. Ahmes anasema: chukua nusu ya 4, yaani 2, uzidishe kwa 10. Jibu ni 20. Hii ndiyo kanuni tunayofundisha watoto mpaka leo: eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kitako ni upande mmoja uliouchagua. Kimo ni urefu kutoka kona ya juu mpaka kwenye kitako hicho, kwa njia iliyonyooka kama nguzo, isiyoinama.

Lakini sikilizeni jambo la ajabu. Kule Edfu, kusini mwa Misri, kuna hekalu kubwa, na katika kuta zake yamechongwa majina na vipimo vya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu hilo. Michoro hiyo ni ya karibu mwaka 100 kabla ya Kristo. Makarani wake walipima pande nne za shamba. Walijumlisha pande mbili zinazoelekeana wakachukua nusu, wakajumlisha pande mbili nyingine wakachukua nusu, kisha wakazidisha. Shamba la mraba au la mstatili wenye kona zilizonyooka hupata jibu sahihi kwa njia hiyo. Shamba jingine lolote hupata jibu kubwa kuliko kweli. Halipungui hata siku moja, huzidi tu.

Basi tangu Ahmes mpaka makarani wa Edfu ni zaidi ya miaka 1,400. Elimu ya pembetatu ilikuwa imekwisha kuandikwa, lakini haikufika mikononi mwa waliopima mashamba hayo. Kitabu kilikuwa mahali pamoja, na shamba mahali pengine.

Naye Proclus, yule aliyetueleza habari za punda, anasimulia kwamba walikuwako watu waliogawana ardhi kwa kuhesabu mzunguko wake tu. Wajanja walichukua shamba lenye eneo kubwa, wakawapa wenzao shamba lenye mzunguko mrefu zaidi lakini eneo dogo. Kisha wakasifiwa kwa ukarimu, kwa sababu walionekana kuwa wamejipunja.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa turudi kwa mkulima wetu na hatua zake 70. Wamezunguka pande nne. Je, walipima kona? Hawakupima. Chukueni tena lile umbo la mabua manne, mlisukume kidogo. Mabua ni yale yale, hakuna lililofupishwa. Lakini nafasi ya katikati imepungua. Sasa kila bua liwe hatua 70.

Tuseme shamba lile lililala upande, kiasi kwamba kutoka upande wa chini mpaka upande wa juu, kwa njia iliyonyooka, si hatua 70 bali hatua 56. Pigeni mstari kutoka kona moja mpaka kona inayoielekea, mpate pembetatu mbili zilizo sawa. Kitako cha kila moja ni 70, na kimo ni 56. Nusu ya 70 ni 35. Zidisheni 35 kwa 56: ni 1,960. Pembetatu mbili ni 3,920.

Tulidhani shamba ni hatua za mraba 4,900. Toeni 3,920 katika 4,900. Zinabaki 980. Gawanyeni 4,900 kwa tano, mtaona ni 980 vilevile. Maana yake, mkulima alilipa ekari moja, akalimiwa sehemu nne katika tano. Sehemu moja katika tano alilipia hewa.

Angalieni: hakuna aliyeruka hatua, wala mwenye maksai huenda hakuwa na nia mbaya. Plau ilifuata tu mpaka wa zamani. Hasara ilitokana na kuamini kwamba pande nne zatosha. Na hasara hiyo haikomi kwenye plau. Ndugu wanaogawana shamba la marehemu baba yao, mama anayenunua kiwanja, mkulima anayepima mbegu na dawa ya pamba kwa ekari, wote wanaweza kuumizwa na kona iliyolala.

KAMBA YA MAFUNDO KUMI NA MBILI

Mtauliza, tutaipataje kona iliyonyooka, nasi hatuna vyombo? Jibu ni kamba.

Katika Bara Hindi ya kale, walioandika kanuni za kujenga madhabahu waliacha vitabu viitwavyo Sulbasutra, yaani kanuni za kamba. Vitabu vya kwanza vya namna hiyo viliandikwa miaka mia kadhaa kabla ya Kristo. Humo wameeleza jinsi ya kupata kona sahihi kwa kamba na vigingi. Zamani zaidi, karibu mwaka 1800 kabla ya Kristo, katika nchi ya Babeli, ambayo leo ni Iraki, waandishi walichora juu ya vibao vya udongo orodha za namba za namna hii. Elimu hii leo huitwa kwa jina la Mgiriki Pythagoras, lakini mnaona kwamba watu wa mataifa mengi waliijua kabla yake.

Fanyeni hivi. Pimeni kamba, mfunge fundo kila baada ya hatua moja, mpaka mpate sehemu 12 zilizo sawa. Unganisheni ncha mbili. Mtu wa kwanza ashike penye ncha. Wa pili ahesabu sehemu 3, ashike. Wa tatu ahesabu sehemu 4 kutoka kwa wa pili, ashike. Sehemu 5 zitabaki kati ya wa tatu na wa kwanza. Wote watatu wavute mpaka kamba inyooke. Kona aliyoshika mtu wa pili ni pembe mraba.

(Hapa kikundi kitoke nje kifanye zoezi hili. Dakika kumi.)

Mafundi wa kujenga nyumba wanaijua njia hii. Wakipanga msingi husema tatu, nne, tano. Lakini wengi huiacha kwenye msingi wa nyumba, wala hawaipeleki shambani. Ipelekeni. Ili kupata kimo, tembeeni na pembetatu ya kamba juu ya kitako cha shamba, upande mmoja wa kamba ukiwa umelala juu ya mpaka, mpaka mahali ambapo upande wa pili unaelekea sawasawa kwenye kigingi cha kona ya mbali. Kutoka hapo hesabuni hatua mpaka kwenye kigingi. Hicho ndicho kimo.

Na shamba lenye pande tano au sita? Ligawanyeni liwe pembetatu. Hakuna shamba lenye mipaka iliyonyooka lisilogawanyika hivyo. Pimeni kila pembetatu peke yake, kisha jumlisheni.

PAMBA, MIZANI NA KALAMU

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu ina kumbukumbu yake juu ya vipimo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika sana juu ya mizani za wanunuzi. Asiyejua kusoma mizani hakuwa na la kusema alipoambiwa uzito wa mzigo wake. Wakulima wakaanza kujikusanya na kusimamia upimaji wao wenyewe. Jambo hilo lilikuwa mojawapo ya mizizi ya vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho kubwa la vyama vya Victoria, likiongozwa na Paul Bomani.

Tena mwaka 1968 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa UNESCO, ilianza katika mikoa ya ziwa mpango wa kusoma pamoja na kazi. Makao yake yalikuwa Mwanza, na Mkoa wa Shinyanga, ambao nchi ya Bariadi ilikuwa ndani yake mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ulikuwa miongoni mwa mikoa hiyo. Katika mpango huo mtu hakujifunza herufi tupu. Alijifunza kusoma kwa maneno ya kilimo bora cha pamba, na kuhesabu kwa vipimo vya kazi yake. Mwaka 1973 vikundi vingi nchini vilikusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kama mnavyofanya leo. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1977 walikuwa 27.

Mizani ilihitaji mtu ajue kusoma namba. Shamba linahitaji zaidi kidogo: ajue ni namba zipi za kupima.

PEMBETATU KUTOKA KUSINI MPAKA MISRI

Tumalize kwa kuona jinsi umbo hili dogo lilivyopima nchi kubwa. Tumesema pande tatu zikijulikana, pembetatu imejulikana. Vilevile, upande mmoja ukijulikana na pembe mbili zilizo kwenye ncha zake, pembetatu nzima imejulikana. Basi wapimaji hupima mstari mmoja tu ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kisha huangalia kilima cha mbali kutoka kila ncha ya mstari, wakapima pembe. Hesabu huwapa umbali wa kilima bila kukiendea kwa kamba. Umbali huo huwa kitako cha pembetatu nyingine, na hiyo huzaa nyingine, kilima kwa kilima.

Mwaka 1879, David Gill, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya kuangalia nyota kule Rasi ya Tumaini Jema, alitoa shauri kwamba mnyororo wa pembetatu upimwe kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri. Kazi hiyo ilipita magharibi ya Tanganyika katika miaka ya 1930, wapimaji wakipanda kilima baada ya kilima na vyombo vyao. Ilikamilika mwaka 1954. Imechukua miaka 75. Kutokana na mnyororo huo ulipatikana msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani za Tanzania, Kenya na Uganda ziliutegemea kwa miaka mingi.

Kwa njia hiyo hiyo ya pembetatu, wapimaji wa Kiingereza mwaka 1952 walipata kimo cha Kilimanjaro: futi 19,340, yaani mita 5,895. Watoto wengi wamejifunza namba hiyo shuleni. Vipimo vilivyofanywa kwa msaada wa setilaiti mwaka 1999 na 2008 vilipata karibu mita 5,892. Tofauti ni kama mita 3 tu katika mlima mzima. Nacho chombo cha wapimaji wale cha kupimia pembe husimama juu ya miguu mitatu, kama chungu juu ya mafiga.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini umbo la mabua manne lililala, na lile la mabua matatu halikulala?

2. Ndugu wawili wamegawana shamba. Kila mmoja amepata kipande chenye mzunguko wa hatua 280. Je, wamegawana sawa? Toeni sababu.

3. Kipande cha ardhi kina umbo la pembetatu. Kitako ni hatua 80 na kimo ni hatua 60. Eneo lake ni hatua ngapi za mraba? Ni karibu nusu ya ekari, au zaidi?

4. Makarani wa Edfu wangemwonea nani kwa kanuni yao: mlipa kodi au mtoza kodi?

Kazi ya juma hili: kila kikundi kichague shamba moja la mwanakikundi, lenye kona zisizonyooka. Lipimeni kwanza kwa kuzunguka pande nne. Kisha ligawanyeni pembetatu mbili, mlipime tena kwa kamba. Andikeni majibu yote mawili daftarini, na mwenye shamba ayahifadhi maandishi hayo mpaka siku ya kukodi maksai.